Leza za nyuzi: Faida haiko kwenye madini, iko kwenye mchanganyiko

Tangu China ilipotangaza, tarehe 9 Oktoba 2025, kwamba itadhibiti uuzaji nje wa holmiamu, erbiamu, thuliamu, europiamu na iterbiamu, majina yaliyokuwa ya vitabu vya kemia yameingia katika mazungumzo ya madalali wa hisa. Hoja wanayouziwa wawekezaji wadogo ni fupi na inavutia: leza kubwa zinazokata chuma viwandani hazifanyi kazi bila iterbiamu, iterbiamu husafishwa zaidi China, kwa hiyo mwenye hisa za mgodi wowote wa madini adimu ana haki ya kungojea utajiri. Mwezi uliofuata, baada ya viongozi wa China na Marekani kukutana Busan, Korea Kusini, amri hiyo ilisitishwa kwa mwaka mmoja, hadi 10 Novemba 2026. Hoja ya madalali haikusitishwa.

Ubaya wa hoja hiyo ni kwamba nguzo zake mbili za kwanza ni za kweli, na paa lake ni la uongo. Ni kweli kwamba leza hizo hutegemea iterbiamu. Ni kweli pia kwamba China imeshika usafishaji wa madini hayo. Lakini kutoka hapo hadi faida ya mgodi kuna shimo ambalo hesabu ndogo tu inalifichua.

Leza ya aina hii ni uzi wa kioo mwembamba. Katikati ya uzi kuna kiini, na kiini hicho peke yake ndicho kilichotiwa iterbiamu. Chukua uzi wa kawaida wa kazi nzito, wenye kiini cha kipenyo cha maikroni 20 na urefu wa mita 20. Kioo chote cha kiini hicho kina uzito wa miligramu 14 hivi. Iterbiamu ikiwa asilimia 1 ya uzito huo, kiasi chake ni miligramu 0.14, yaani punje isiyoonekana kwa urahisi kwenye kiganja. Hata kiwanda kikipoteza mara tisa ya kile kinachoingia kwenye uzi, kilo moja ya iterbiamu ingetosha nyuzi zaidi ya 700,000. Mashine kubwa huunganisha nyuzi kadhaa, na nyingine zina viini vipana zaidi, lakini hata hapo hesabu hubaki ya miligramu chache. Hakuna mgodi unaoweza kujengwa juu ya mahitaji ya namna hiyo.

Thamani, basi, imejificha wapi? Imejificha katika namna ile punje inavyochanganywa na kioo. Hapo ndipo leza moja inapodumu miaka na nyingine ikafifia, na hapo ndipo macho ya mnunuzi wa hisa, na ya mnunuzi wa mashine pia, yanapopaswa kuelekea.

KIUNGO KIMOJA, JOTO TOFAUTI

Kioo kitupu hakitoi mwale wa leza. Lazima kitiwe kiungo, ambacho wataalamu hukiita dopanti. Kiungo hupokea mwanga kutoka kwenye dayodi, hukaa nao kidogo, kisha huutoa kwa wimbi refu zaidi, na mwanga huo ndio unaokusanyika kuwa mwale. Tofauti kati ya nguvu iliyoingia na iliyotoka hubaki ndani ya uzi kama joto. Biashara nzima ya leza zenye nguvu kubwa ni vita dhidi ya joto hilo.

Mwanzo wa kazi hii haukuwa iterbiamu. Mmarekani Elias Snitzer, wa kampuni ya American Optical, alipata leza ya kioo mwaka 1961 kwa kutumia neodimiamu. Neodimiamu ni kiungo kizuri, lakini humezeshwa mwanga wa nanomita 808 na kuutoa kwa nanomita 1064. Hesabu ya mawimbi hayo inaonyesha kuwa kwa kila wati 1,000 za mwale unaotoka, wati zisizopungua 317 hubaki kama joto. Katika uzi mwembamba hilo ni jiko.

Iterbiamu humezeshwa mwanga wa nanomita 976 na kuutoa karibu na 1070. Kwa wati 1,000 zile zile, joto lisiloepukika hushuka hadi wati 96. Zaidi ya hayo, atomu ya iterbiamu ina ngazi mbili tu za nishati zinazohusika na kazi hii, kwa hiyo mwanga hauna vichochoro vingi vya kupotelea kama ilivyo kwa viungo vingine. Ndiyo sababu kiungo hiki kilichukua soko la kukata na kuunganisha chuma.

Hata ndani ya iterbiamu kuna uchaguzi wa biashara. Dayodi za nanomita 976 humezwa vizuri, lakini zinataka ziwe kwenye wimbi lenyewe hasa, maana kilele cha umezaji ni chembamba. Dayodi za nanomita 915 zina uvumilivu zaidi, lakini humezwa kwa udhaifu, hivyo uzi lazima uwe mrefu, na joto hupanda hadi wati 169 kwa kila 1,000. Tajiri mmoja huchagua bei ya dayodi, mwingine huchagua ufupi wa uzi. Mteja huona sanduku la chuma la rangi moja tu.

Maendeleo yaliyofuata yalikuwa ya namna ya kuingiza mwanga. Mwaka 1988 Snitzer na wenzake walieleza uzi wenye ganda la pili, ambalo hupokea mwanga wa dayodi za bei nafuu na kuulisha kiini polepole njiani. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, walitoa kilowati 1.36 kutoka uzi mmoja wa iterbiamu. Mwaka 2009 kampuni ya IPG Photonics ya Marekani ilifikia kilowati 10 kwa mwale mmoja safi, na ilifanya hivyo kwa kuuchochea uzi kwa leza nyingine za iterbiamu za nanomita 1018 badala ya dayodi. Kwa njia hiyo joto la lazima lilishuka hadi wati 51 kwa kila 1,000. Kiungo hakikubadilika. Kilichobadilika ni ujuzi wa kukilisha.

KIKULACHO KI NGUONI MWAKO

Tatizo ambalo matangazo ya mauzo hulipita kimya kimya ni kwamba kiungo kile kile kinachotoa mwale ndicho kinachoweza kukitia kioo giza. Uzi wenye iterbiamu ukifanya kazi saa nyingi kwa nguvu kubwa, ndani ya kioo hutokea madoa yasiyoonekana kwa jicho, ambayo humeza mwanga. Mwale hupungua, na kile kilichomezwa hugeuka joto. Fundi huongeza umeme wa dayodi ili kurudisha nguvu. Dayodi nazo huchoka mapema. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na hapa kiko ndani ya kiini chenyewe.

Giza hilo hukua haraka zaidi pale iterbiamu ilipowekwa nyingi au iliposongamana. Atomu za madini adimu hazipendi kuyeyuka katika kioo cha silika. Zikizidi hukusanyika vikundi vikundi, kama unga ulioingia kwenye uji bila kukorogwa. Hapo ndipo viungo vya pili vinapoingia. Alumini huzitenganisha atomu za iterbiamu zisishikane. Fosforasi hufanya kazi hiyo hiyo na hupunguza giza kwa kiasi kikubwa. Seriamu hunasa chaji zinazosababisha madoa kabla hazijafanya madhara.

Mtu angeweza kudhani basi kwamba dawa ni kumimina vyote kwa wingi. Sivyo. Fosforasi hudhoofisha umezaji wa iterbiamu, kwa hiyo uzi hurefuka, na katika uzi mrefu mwanga mkali huanza kuzaa mawimbi mengine yasiyotakiwa. Alumini, seriamu na iterbiamu yenyewe hubadilisha jinsi kiini kinavyopinda mwanga, na mwale ukipotea njia hauchomi tena mahali padogo panapotakiwa. Alumini na fosforasi zikiwa sawasawa kwa kipimo huzuiana madhara hayo, lakini kupata usawa huo ndani ya kiini chembamba kuliko unywele si kazi ya kubahatisha.

Namna ya kutengeneza nayo ina maana. Njia inayotumika sana huanza na bomba la silika, ambalo ndani yake hutandazwa tabaka la vumbi la kioo lenye matundu. Tabaka hilo huloweshwa katika maji yenye chumvi za iterbiamu na alumini, kama kitambaa cha batiki kinavyochovywa rangi, kisha hukaushwa, huyeyushwa likawa kioo kigumu, na fimbo inayopatikana huvutwa kuwa uzi. Maji kidogo yakibaki, au uloweshaji ukiwa mzito upande mmoja, kasoro hiyo itakuwa katika kila mita ya uzi. Hapo hakuna mgodi unaoweza kuokoa kiwanda.

Mwaka 2011 watafiti wa Jena, Ujerumani, waliripoti kikwazo kingine. Nguvu ikipita kiwango fulani, mwale uliokuwa umetulia huanza kuyumba ghafla ndani ya uzi, na ubora wake huporomoka. Chanzo ni joto. Baadaye ilionekana kuwa hata giza dogo la kioo, lisilopunguza nguvu kwa kiasi cha kumshtua mtu, hushusha kiwango ambapo kuyumba kunaanza. Mchanganyiko wa viungo, basi, si suala la uimara tu. Ndio unaoamua leza inaweza kuuzwa kwa kilowati ngapi.

SOKO LIMESEMA NINI

Historia ya hisa za sekta hii inathibitisha jambo hilo, na inatoa onyo vile vile. IPG Photonics, iliyoanzishwa na mwanafizikia Valentin Gapontsev, iliingia soko la NASDAQ Desemba 2006 kwa bei ya dola 16.50 kwa hisa. Siri yake haikuwa mgodi. Ilitengeneza yenyewe nyuzi zake na dayodi zake, na haikumwonyesha mtu mchanganyiko wake. Mwanzoni mwa 2018 hisa hiyo ilipita dola 250, na mwaka huo mauzo ya kampuni yalikuwa takriban dola milioni 1,460.

Lakini ujuzi hauna ukuta wa milele. Mwaka huo huo wa 2018 kampuni ya Raycus ya Wuhan iliingia soko la hisa la Shenzhen, na viwanda vya China vilianza kuuza leza za kilowati kwa bei ambazo Wamarekani na Wajerumani hawakuzitarajia. Mauzo ya IPG mwaka 2024 yalikuwa takriban dola milioni 977, na katika nusu ya pili ya mwaka huo hisa yake ilikuwa chini ya dola 100. Ushindani wa China haukuwa sababu pekee, maana mahitaji ya viwanda yalipungua na kampuni iliachana na mali zake za Urusi. Hata hivyo, somo ni wazi: mchanganyiko hutengeneza faida, na mchanganyiko ukishajulikana na wengi, faida hugeuka kuwa punguzo la bei kwa mteja.

Katika mkasa wote huo, kupanda na kushuka, bei ya iterbiamu haikuwa na sauti.

Wapo watakaojibu kwamba udhibiti wa China ungeweza kusimamisha hata hizo miligramu. Jibu hilo lina uzito. Kibali kikichelewa, kiwanda husimama hata kama bidhaa inayokosekana ni ya thamani ya chai. Lakini kitu kinachotumika kwa miligramu huwekwa akiba kwa urahisi. Mtungi mmoja kwenye kabati unaweza kulisha kiwanda kwa miaka. Mwekezaji mwenye busara hana haja ya kuuliza mgodi uko wapi. Anapaswa kuuliza kama kampuni inatengeneza uzi wake au inanunua, kama ina akiba, na inatenga kiasi gani cha fedha kwa ajili ya madai ya dhamana. Tengo la dhamana likipanda haraka kuliko mauzo, ni dalili kwamba kuna kitu kinaharibika kwa wateja, na katika bidhaa hii mchanganyiko wa kioo ni mmoja wa washukiwa wa kwanza.

Ni vizuri pia kukumbuka kuwa viungo vingine vina masoko tofauti kabisa. Erbiamu hutoa mwanga karibu na nanomita 1550, na tangu kazi za Southampton na Bell Labs za mwaka 1987 imekuwa roho ya vikuza mwanga vya simu na intaneti. Nyaya za baharini zinazofika Mombasa na Dar es Salaam, kama SEACOM iliyoanza kazi mwaka 2009, hubeba mawasiliano kwa msaada wake. Kwa nguvu kubwa, hata hivyo, erbiamu ina kikomo: ikichochewa kwa nanomita 976, haiwezi kurudisha zaidi ya asilimia 63. Thuliamu hutoa mwanga wa karibu nanomita 1900 hadi 2000, ambao maji huumeza sana, na kwa sababu hiyo imepata nafasi hospitalini katika kuvunja mawe ya figo. Nayo ina ajabu yake. Ikiwekwa nyingi na kwa mpangilio mzuri, fotoni moja ya dayodi huzaa mbili za leza. Kwa iterbiamu msongamano ni hatari. Kwa thuliamu, ukipimwa, ni mtaji. Anayezungumzia madini adimu kama gunia moja hajui anachouza.

NGUALLA SI LEZA

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, hoja ya madalali huishia Ngualla, mkoani Songwe, Tanzania. Mradi huo ni wa kweli na ni mkubwa. Serikali ilitoa leseni ya uchimbaji mwaka 2023, na mwaka 2025 Shenghe Resources ya China iliinunua kampuni ya Peak Rare Earths ya Australia iliyokuwa ikiuendesha. Lakini thamani ya mwamba wa Ngualla imo katika neodimiamu na praseodimiamu, ambazo soko lake ni sumaku za injini za magari ya umeme na mitambo ya upepo. Neodimiamu ndiyo ile ile iliyoachwa nyuma na iterbiamu katika leza za nguvu kubwa. Anayetaka kuweka fedha katika sumaku ana sababu zake, na afanye hesabu za sumaku. Anayeambiwa ananunua leza kupitia Ngualla anauziwa mbuzi kwenye gunia.

Faida iliyo karibu zaidi na mfanyabiashara wa huku iko kwenye warsha. Vita ya bei ya China imefanya mashine za kukata chuma kwa leza ziweze kufikiriwa na mwenye karakana wa Nairobi au Dar es Salaam, ambaye miaka kumi iliyopita asingethubutu kuuliza bei. Mtu huyo huchukua mkopo wa benki na kupanga marejesho kwa kasi ya ukataji iliyoandikwa kwenye karatasi ya mauzo. Ikiwa mashine ya kilowati 3 itatoa kilowati 2.5 baada ya mwaka mmoja, sahani nene zitakatwa polepole, kingo zitakuwa chafu, na benki haitapunguza rejesho kwa sababu kioo kimeingia giza.

Mnunuzi wa namna hiyo hana uwezo wa kupima iterbiamu, lakini ana uwezo wa kuuliza. Aulize chanzo cha leza kimetengenezwa na nani, maana jina lililobandikwa kwenye mashine mara nyingi si la aliyetengeneza uzi. Aombe nguvu ipimwe siku ya makabidhiano na iandikwe. Atake dhamana inayotaja kwa tarakimu ni upungufu gani wa nguvu, baada ya saa ngapi, utamlazimu muuzaji kubadilisha chanzo. Neno "imara" halina thamani mahakamani; asilimia ina thamani. Akiona kasi inashuka, kwanza asafishe kioo cha kinga cha kichwa cha kukatia na akague mfumo wa kupoza, kwa kuwa hayo ndiyo makosa ya kila siku. Kama hayo ni safi na nguvu bado inashuka, hapo ndipo karatasi ya siku ya kwanza itakapomlinda.

Muuzaji anayejiamini na kioo chake hataogopa sharti hilo. Anayelikwepa amekwisha jibu swali. Tofauti ya bei kati ya wauzaji hao wawili ndiyo gharama halisi ya mchanganyiko mzuri, na kwa mwenye mkopo wa miaka mitatu mara nyingi rahisi huwa ghali.

Amri za Beijing zitaendelea kutolewa na kusitishwa, na kila mara madalali watapata jina jipya la madini la kuuza. Mwekezaji mdogo anayekumbuka miligramu 0.14 atakuwa na swali moja la kuwarudishia: katika biashara hii, ni nani anayejua kuchanganya?